Mwenye Ufunguo wa Stesheni: Jibu kwa Mwalimu wa Kando ya Reli ya Kati

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari katika mji mdogo kati ya Tabora na Kigoma, naomba usiutaje. Stesheni yetu ilijengwa na Wajerumani na iko katikati ya mji. Treni ya abiria inapita siku chache kwa wiki, mara nyingi usiku. Vyumba viwili na ghala la mizigo vimefungwa miaka mingi, darini wamejaa popo. Tumeunda kamati. Tunataka maktaba, makumbusho ya reli, ukumbi wa vijana na vibanda vya biashara. Fundi ametupa makadirio ya fedha ambazo hatuna. Tuanzie wapi, na Shirika la Reli litakubali?

JIBU: Mwalimu, hayo makadirio ya fundi yawekeni kabatini kwanza. Huenda ni halali kabisa, ila yamekuja kabla ya wakati wake. Jengo la umma likikarabatiwa kabla halijapata mtu wa kulikalia, hufungwa tena rangi ikiwa bado inanukia. Siku ya uzinduzi kila mtu yupo na kitambaa kinakatwa. Jumanne inayofuata hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani. Kwa hiyo ajenda ya kwanza ya kamati yenu iwe hii: nani atafungua mlango saa moja asubuhi, kila siku ya Mungu, na atakula nini?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ni njia moja, kwa hiyo treni mbili zikikutana lazima moja iingie njia ya pembeni isubiri mwenzake apite. Tena injini za mvuke hazikuweza kwenda mbali bila kunywa maji. Ndiyo maana utakuta stesheni mahali ambapo hapakuwa hata na kijiji: iliwekwa kwa ajili ya kupishana na kujaza maji, watu wakaja baadaye. Stesheni masta ndiye aliyekuwa na mawasiliano na nje, saa ya kuaminika, mzani, na taa iliyowaka usiku. Mwenye mgonjwa alikwenda kwake, mwenye barua alikwenda kwake, na hata mwenye ugomvi wa mzigo. Kwa hiyo mnachokiomba leo mji wenu ulishawahi kuwa nacho, na kilisimama kwa sababu mwajiriwa mmoja alilazimika kuwepo pale.

Wajapani wana kisa kinachochekesha, lakini kina hesabu ndani yake. Kuna kituo kinaitwa Kishi, mwisho wa njia fupi ya kilomita 14 hivi huko Wakayama. Njia hiyo ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa abiria. Mwaka 2006 kampuni mpya iliichukua, na ili kubana matumizi ikaondoa wafanyakazi vituoni, kisha ikawakabidhi usimamizi wafanyabiashara wadogo wa jirani. Pale Kishi akapewa mama mwenye duka kando ya kituo. Mama huyo alikuwa na paka aliyeitwa Tama, na Januari 2007 kampuni ikamtangaza paka kuwa stesheni masta, na kofia akavishwa. Watalii wakamiminika. Mwaka 2010 jengo lilijengwa upya, paa lake likiwa na sura ya paka na ndani mkahawa. Tama alikufa 2015, akarithiwa na paka mwingine. Ukisimulia kisa hiki, wasikilizaji wataondoka na paka. Nakuomba wewe uondoke na mwenye duka. Kabla ya kofia na watalii, kampuni ilishamaliza shida yake kubwa kwa kumpa dhamana mtu ambaye tayari alikuwa pale kutwa nzima kwa shughuli zake mwenyewe.

Uingereza nako wamepita njia ndefu zaidi. Baada ya ripoti ya Richard Beeching ya 1963, iliyopendekeza kufungwa kwa zaidi ya vituo 2,000, hata njia zilizonusurika zilipoteza wafanyakazi, na majengo mazuri ya mawe yakabaki matupu. Tangu miaka ya 1990 wakazi wameunda ushirika wa kuhudumia njia zao: wanapanda maua, wanapaka rangi, wanapanga vyumba kwa kodi nafuu na kuvigeuza mikahawa, karakana za baiskeli, vyumba vya mikutano. Wageni husifu hao wanaojitolea. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba kwa kawaida kila ushirika una mtu mmoja anayelipwa mshahara, hata wa nusu siku, kwa fedha za kampuni ya treni na halmashauri za eneo. Huyo ndiye anayejibu simu. Kujitolea kwa watu ni baraka, lakini msimu wa kulima ukifika kila mtu yuko shambani, na huo si uvivu.

Kwenu huyo mtu ni nani? Nitasema ninavyoona mimi, kamati iamue. Tafuteni wakala wa huduma za fedha kwa simu, ambaye pia anachaji simu na kuuza vocha. Biashara yake inamtaka awepo kutwa, anahitaji chumba chenye ukuta mnene na nondo dirishani, na stesheni ya Mjerumani inavyo vyote viwili. Mpeni chumba kimoja kwa kodi ndogo, na sehemu ya kodi hiyo ailipe kwa kazi: kufungua mlango wa jengo, kufagia, kuhakikisha choo kina maji, na kuandika kwa chaki ubaoni treni imefika wapi na inatarajiwa saa ngapi, baada ya kuulizana na stesheni masta. Masharti hayo yaandikwe, tena kwa saa: inafunguliwa saa ngapi, inafungwa saa ngapi, na akisafiri nani anashika. Akishindwa miezi miwili, chumba anapewa mwingine. Msimpe mtoto wa mwenyekiti.

Ule ubao wa chaki usiudharau. Abiria wa usiku haombi maktaba. Anataka kujua kama alale au akae macho, ajue pa kujisaidia, na kama ni mama mwenye watoto, apate benchi chini ya taa. Kuna mahali kwenye reli ya Kenya, Makindu, ambapo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli bado linawapa wasafiri chakula na malazi bila malipo. Nyinyi hamna uwezo huo, wala sitarajii muwe nao. Ila choo safi chenye maji kinawezekana, na kituo kisicho na choo sahauni habari ya kukiita kituo cha jamii. Toeni shilingi zenu za mwanzo hapo. Tozeni kiasi kidogo kwa watu wa mjini, abiria mwenye tiketi aingie bure.

Sasa vibanda vya biashara. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo miradi mizuri inapoumiza watu.

Kwenye stesheni yenu kuna wateja wa aina mbili na hawafanani hata kidogo. Wa kwanza yuko ndani ya behewa. Hashuki, maana anaogopa kuachwa au kuibiwa kiti. Ananunua dirishani, kwa dakika chache treni inaposimama, na anachotaka kinajulikana kwa kila kituo: ukipita Uvinza ni chumvi, ukitoka Kigoma ni dagaa na mawese, ukikaribia Tabora ni asali. Kina mama wanaomhudumia wanakimbia na mabeseni kichwani kutoka dirisha hadi dirisha. Kibanda kwa mama huyo hakina faida yoyote. Mteja wake hatakifikia. Mteja wa pili ni mtu wa mjini anayekuja kunywa chai, kukata nywele, kuchaji simu. Huyo ndiye wa kibanda, na muuzaji wake ni mtu mwenye mtaji kidogo.

Mkijenga vibanda kumi na kutangaza kwamba "biashara zote zihamie vibandani kwa usafi", mtakuwa mmewafukuza wale kina mama na kuwapa nafasi wenye mitaji. Mtafanya hivyo kwa nia njema na kwa risiti. Kwa hiyo kabla ya kuchora kibanda hata kimoja, kaeni nao. Waulizeni wanachokosa. Nadhani watataja kivuli cha kusubiria, maji ya kunawa, mahali pa kuhifadhi mabeseni, na kujua treni inafika lini ili wasikaange kuku mapema akapoa. Hivyo vyote ni nafuu kuliko vibanda. Vibanda viwili vitatu kwa ajili ya mteja wa mjini vinatosha kuanzia, na viwe vya kuhamishika. Nitaeleza sababu nikifika kwenye ardhi.

Siku zisizo na treni ndizo utajiri wenu, ingawa nyinyi mmezitaja kama kasoro. Jengo liko katikati ya mji, lina uwanja, lina kivuli cha miembe (sijawahi kuona stesheni ya zamani isiyo na mwembe), na siku nyingi za wiki halina kazi. Mwoneni mganga mfawidhi wa zahanati: kliniki ya mama na mtoto inaweza kuja hapo siku moja kwa mwezi na kuwapunguzia safari wanaoishi upande wa pili wa mji. Afisa ugani anaweza kukutana na wakulima wa tumbaku na mahindi hapo. Vikoba vinahitaji mahali pa kukutania pasipo sebuleni kwa mtu. Wekeni kalenda ukutani, wiki kwa wiki, treni zikiandikwa kwanza, na kila shughuli ijipange kuzizunguka. Vyama vya siasa viambieni mapema, vyote, kwamba bendera hazipandi hapo. Mkichelewa kusema hadi msimu wa uchaguzi, mtaonekana mmemlenga mmoja.

Maktaba, kwa maoni yangu, ipunguzwe iwe chumba cha kusomea. Vitabu vya msaada vinavyokuja kwa maboksi mara nyingi havihusiani na mtihani wa mwanafunzi wako, na vinahitaji mtunzaji. Mwanafunzi wa kidato cha nne asiye na umeme nyumbani anahitaji meza, taa na utulivu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Wewe ni mwalimu, unalijua hilo kuliko mimi. Meza sita, kiasi cha vitabu vya kiada, na zamu ya mzazi mmoja mlangoni. Kwa wasichana pangeni pia watarudije nyumbani. Msiache kila mmoja ajitafutie.

Makumbusho yawe ya mwisho kabisa, lakini kazi yake moja ianze leo. Kwenye kota za reli kuna wastaafu: madereva, mafundi wa njia, makarani wa mizigo. Wanakumbuka enzi za shirika la pamoja la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Hao hawatasubiri mradi wenu upate fedha. Wapeni wanafunzi wako kazi ya kuwahoji na kurekodi kwa simu. Kengele, taa, mizani na vitabu vya zamani vilivyomo ghalani msivihamishe. Ni mali ya reli. Viorodhesheni pamoja na stesheni masta, mvipige picha kwa ruhusa yake, kila upande ubaki na nakala. Orodha hiyo itawasaidia siku wanunuzi wa vyuma chakavu watakapopita, maana watapita.

Kuhusu jengo lenyewe nitasema machache, ila myashike. Anzeni juu: vigae vilivyovunjika na gata. Maji yakizuiwa paani, nusu ya ugonjwa wa ukuta inapona yenyewe. Kuta za wakati ule zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka. Fundi wenu akiwapigia lipu ya saruji, unyevu utafungiwa ndani, lipu itabanduka na jiwe litaanza kumomonyoka nyuma yake. Mwambieni chokaa, na akisema hajui kuitumia tafuteni mwingine. Kama ghala limeezekwa kwa yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji, chukulieni ni asbestosi hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo: msiyakate, msiyatoboe, msiyafagie makavu. Popo watoeni kwa kuziba matundu usiku wakiwa wametoka, na si wakati wa kunyonyesha, la sivyo mtakuwa na mizoga darini. Kinyesi chao kilowesheni kwanza na mvae barakoa mnapokiondoa.

Na msitegemee kwamba umri wa jengo unalilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Stesheni yenu ni kijana kwa kipimo hicho. Italindwa tu ikitangazwa rasmi. Kuomba itangazwe ni jambo jema, ila ni safari ndefu na isiwazuie kuanza.

Sasa ruhusa. Mwenye jengo ni Shirika la Reli Tanzania (TRC). Mtasikia wazee wakisema "hili ni la RAHCO" au "la TRL", na wanaweza kuwa na karatasi. Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa miundombinu ilikuwa chini ya RAHCO na uendeshaji chini ya TRL, lakini sheria ya reli ya 2017 iliviunganisha tena kuwa TRC. Karatasi za zamani ziambatisheni, mradi barua iende TRC. Halmashauri haina mamlaka ya kuwapa jengo hilo, wala mkuu wa wilaya, hata akitamka jukwaani mbele ya kamera.

Msiombe kupewa stesheni. Ombeni kibali cha kutumia chumba kimoja na uwanja wa upande wa mji kwa mwaka mmoja. Ombi dogo hivyo linaweza kujibiwa na ofisa bila kuogopa; ombi la jengo zima litapanda ngazi hadi lipotee. Mwaka ukiisha bila malalamiko, ombeni mkataba wa kupanga wa miaka mitano na chumba cha pili. Katika mkataba someni mambo manne kwa makini: nani anatengeneza paa, nani analipa maji na umeme, notisi ya kuondoka ni ya muda gani, na mtu akiumia eneo hilo nani anawajibika. Msijenge kitu cha kudumu ndani ya hifadhi ya reli. Alama za X zilizochorwa kwenye nyumba za kando ya reli mmeziona, na kibanda cha kamati hakitakuwa na ujanja wa kuzikwepa. Ndiyo sababu nilisema vihamishike.

Muda nao una uzito. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa (SGR) kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo mpya itakapoanza kubeba abiria, wengi watahamia huko, kama ilivyokuwa kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu katikati ya 2024. Reli yenu ya zamani inaweza kuendelea na mizigo, lakini stesheni inayohudumia mizigo tu inaweza kubaki bila mtu wa abiria. Kuingia jengoni wakati stesheni masta bado yupo ni rahisi. Kulidai baada ya yeye kuondoka na milango kupigwa misumari ni kazi nyingine.

Kamati isajilini kama kikundi cha kijamii kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, mfungue akaunti yenye watia saini watatu. Mtaambiwa kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mizuri, lakini ni mikopo, na inarudishwa. Kikundi cha kina mama wa mabeseni kikikopa kununua majiko na friza, sawa. Kukopa ili kutengeneza paa ambalo si lenu, hapana. Paa liombeeni kwa mwenye nalo, au kwa harambee.

Jambo la usalama nimeliacha nyuma lakini ndilo linaloweza kuzima kila kitu kwa siku moja. Stesheni zetu ndogo hazina jukwaa la juu. Abiria hushuka karibu usawa wa reli, na treni ya mizigo inaweza kupita saa yoyote bila kusimama. Shughuli zenu zote, kuanzia kliniki hadi mpira wa watoto, ziwe upande wa mji, na milango ya upande wa reli ibaki chini ya stesheni masta. Pandeni ua wa michongoma kati ya uwanja na njia, pengo likiwa moja tu, na pengo hilo liwe mbele ya dirisha la yule wakala. Anapoambiwa treni inakuja, anafunga kamba.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Aya ya kwanza ieleze mnaomba chumba gani, kwa muda gani, na nani atashika ufunguo, jina lake na namba ya kikundi. Ya pili ieleze ratiba ya wiki, treni zikiwa za kwanza. Ya tatu iseme mtalipa kodi kiasi gani, hata kama ni kidogo, maana anayelipa ana risiti na mwenye risiti hafukuzwi kimyakimya. Ambatisheni mchoro wa mkono unaoonyesha upande wa reli na upande wa mji, picha za jengo lilivyo leo, muhtasari wa kikao na kina mama wa mabeseni wenye sahihi zao, na cheti cha usajili. Ielekezeni kwa Mkurugenzi Mkuu kupitia ofisi ya reli Tabora, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kabla haijaondoka mpelekeeni stesheni masta aisome na aandike maoni yake pembeni, kwa sababu ofisa wa Tabora akiipokea, simu ya kwanza atampigia yeye.